Chungu cha Noeli kisicho na nyama



Majilio yanaelekea mwisho, na katika parokia nyingi za Mbeya na Iringa vikao vya wiki hii vina ajenda moja: chakula cha Noeli. Nani atafute ng'ombe, kila kaya ichange kiasi gani, mchele uagizwe Kyela au Usangu. Nimekaa katika vikao hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Leo naomba nikusimulie kikao kimoja nilichokiongoza vibaya, na chungu kimoja kilichonifundisha.

Nilikuwa paroko kijana katika parokia moja ya vijijini mkoani Iringa. Halmashauri ya walei ilipanga kila kaya itoe mchango wa ng'ombe wa Noeli. Dominika ya mwisho ya Majilio, wakati wa matangazo, nilisoma majina ya waliotoa. Ya wasiotoa sikuyasoma, nikadhani nimefanya kwa upole. Lakini kanisa la kijijini halihitaji kusomewa orodha ya pili. Kila aliyekuwa ndani alijua nani hakutajwa.

Usiku wa mkesha nilitazama benchi la tatu upande wa akina mama. Mama mmoja mjane, ambaye siku zote alifika kabla ya kengele ya kwanza, hakuwepo. Watoto wake wanne nao hawakuwepo. Kesho yake tulikula ng'ombe wetu uwanjani. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nilimtembelea siku ya Mtakatifu Stefano. Alinipokea kwa heshima zote, "Kamwene, baba," akanisogezea kigoda. Hakulalamika. Nilipomuuliza kwa nini hakuja kusali, alijibu taratibu: "Baba, baada ya misa watu wangekwenda kula. Mimi ningewaambia nini watoto? Nikaona afadhali tusali hapa hapa."

Nilirudi nyumbani nikafungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11. Tumezoea kuisoma Alhamisi Kuu, kwa sababu ndimo Paulo anamoeleza jinsi Bwana alivyotwaa mkate. Lakini kabla ya kufika hapo Mtume anawakaripia Wakorintho. Walikuwa wakikusanyika kwa karamu ya Bwana, mmoja anashiba na kulewa, mwingine anabaki na njaa, na wasio na kitu wanaaibishwa. Paulo anawaambia wazi kwamba kwa mkusanyiko wa namna hiyo hawezi kuwasifu. Niliyafundisha maneno hayo mara nyingi tangu nilipotoka seminari, lakini siku ile niliyasoma kama barua iliyoandikwa kwa paroko mmoja wa Iringa.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Desemba, nilikwenda kwetu Rungwe kumsalimia mama yangu. Alinipikia ndizi. Sisi tuliozaliwa kule tunajua kwamba ndizi za sikukuu hupikwa na nyama. Lakini mama alitulea miaka ambayo nyama haikuwepo, naye alikuwa na namna yake: ndizi kwa maharage, zikakolezwa karanga. Tulipokuwa watoto hatukujua kwamba chakula kile kimepungukiwa na kitu. Tuliita chakula cha sikukuu, nacho kikawa cha sikukuu. Niliporudi Iringa nilipakia mkungu mmoja kwenye buti la basi, na wazo moja kichwani.

Katika kikao nilipendekeza kwamba mwaka huu tusichange fedha. Kila jumuiya ipike chungu kimoja bila nyama, na kila kaya ilete kilichopo: viazi, njegere, maharage, karoti, mboga kutoka vinyunguni. Kikao kilinyamaza. Kisha mzee mmoja, mtu wa utani sana, akasema: "Baba Paroko, Noeli bila nyama si ndiyo Ijumaa Kuu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Lakini swali lake lilistahili jibu. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliutaja mkesha wa Noeli kuwa siku ya kufunga na ya kujinyima nyama. Papa Paulo VI alirekebisha taratibu za toba tarehe 17 Februari 1966, na tangu hapo siku zinazotubana wote kwa kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wapo Wakatoliki wanaoshika desturi ya zamani hadi leo. Tena baadhi yao waliwahi kuishi jirani na sisi. Kuanzia mwaka 1942, wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, walifika Afrika Mashariki. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda Umoja wa Kisovieti, wakatoka huko kupitia Iran. Baadhi yao walipewa makazi Ifunda, hapa hapa Iringa, na wengine Kidugala, ambayo leo iko mkoa wa Njombe. Kwa desturi ya taifa lao, mlo wa mkesha wa Noeli hauna nyama, na ndio mlo mkubwa wa mwaka. Huanza kwa kumegeana mkate mwembamba na kutakiana heri, na mezani huachwa nafasi moja kwa mgeni ambaye hakualikwa. Kwa hiyo Noeli bila nyama si jambo geni, wala si dalili ya huzuni.

Mzee akasema: "Haya baba, tutaonja."

Kilichobaki kilikuwa mpishi. Nilivuka barabara nikamwomba yule mama. Sikumwomba aje kula. Nilimwomba asimamie chungu cha jumuiya yake, kwa kuwa nilisikia hakuna anayemshinda kwa kupika maharage. Alinitazama kwa muda, akaniuliza: "Ndizi hizo za kwenu zinaiva kwa muda gani?" Hapo nikajua amekubali.

Wapo wasomaji watakaotaka kujaribu, nami ninaeleza kama alivyotupangia yeye. Kwa watu 30 hivi: maharage makavu kilo 2, ndizi mbichi mkungu mdogo, viazi kilo 5, njegere kilo moja, vitunguu kilo moja, nyanya kilo 2, karoti za kutosha, karanga kilo moja na mafuta ya alizeti nusu lita.

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe. Yachemke kwa moto mkali dakika 10 au zaidi, kisha moto upunguzwe hadi yalainike kabisa. Nyanya na chumvi vikae mbali kwanza. Uchachu wa nyanya hufanya maharage yachelewe kulainika, na ukizitia mapema utamaliza kuni bure. Tukumbuke pia tunaishi juu. Miji ya Mbeya na Iringa iko zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakiwa kama nyuzi joto 95 tu, si 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo maana mgeni kutoka pwani hushangaa maharage yetu yanavyokaa jikoni. Anza mapema.

Kazi kubwa iko kwenye vitunguu. Nyama hukipa chungu mafuta na ile harufu ya kukaangwa. Usipokuwa nayo, lazima uitafute kwingine. Vitunguu vikaangwe taratibu hadi viwe vya kahawia, bila haraka. Ndipo nyanya zifuate, zikaangwe hadi mafuta yaelee juu. Ukipata uyoga wa mvua za kwanza, kaanga pamoja na vitunguu, utadhani kuna kitu kimechinjwa. Ila uwe ule ambao bibi zetu wanaufahamu kwa jina. Usiobainika uachwe porini.

Ndizi zimenywe kwa mikono iliyopakwa mafuta kwa sababu ya utomvu, zitiwe kwenye maji zisije zikawa nyeusi. Zichemshwe pamoja na viazi na karoti. Vikikaribia kuiva, changanya na maharage, njegere na rojo la nyanya. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa zikorogwe kwa maji ya uvuguvugu, zitiwe mwishoni kabisa, moto ukiwa mdogo na mwiko ukiwa kazini.

Hilo la mwisho nalisema kwa sababu. Mwaka ule kijana mmoja aliyetaka kusaidia alimwaga karanga zote mapema, akaondoka kwenda kutazama mpira. Chungu kikaungua chini. Mama akapakua cha juu bila kukwangua, kikabaki kizuri, nami niliomba sahani ya ukoko. Niliona ni malipizi yanayonifaa.

Sitasema kila mtu alifurahi. Wanaume kadhaa walionja kwa heshima, wakatoweka kuelekea kwenye ulanzi na nyama ya kuchoma. Lakini wakati wa kupakua niliangalia foleni. Hakuna aliyejua nani alileta debe la viazi na nani alileta kitunguu kimoja. Vyote vilikuwa vimeiva pamoja. Watoto wanne wa yule mama walipita na sahani zao, na mama yao ndiye aliyekuwa na upawa mkononi. Mzee wa utani alirudi mara ya pili. Alipoona namtazama akasema, "Baba, Ijumaa Kuu hii ina chumvi."

Kitabu cha Methali, sura ya 15, kinafundisha kwamba sahani ya mboga penye upendo ni bora kuliko ng'ombe aliyenona penye chuki. Zamani nilidhani ni maneno ya kuwafariji maskini. Siku hizi naona yameandikwa kwa ajili ya sisi tunaopanga karamu.

Kuna jambo jingine linalonifanya niandike. Mikoa yetu inalisha nchi. Malori ya mahindi, viazi na maharage yanapita Uyole na Makambako kila siku. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wakati kitaifa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, mkoani Iringa ni zaidi ya nusu. Shamba lina maharage, lakini maharage yanauzwa, na mtoto anabaki na ugali na majani kidogo. Chungu hiki si cha siku moja tu. Maharage na karanga pamoja na nafaka humjenga mtoto, na vinaota hapa. Wala sisemi nyama ni mbaya. Mwenye yai, maziwa, dagaa au kipande cha nyama ampe mtoto mdogo kwanza, kabla ya mgeni wa heshima na kabla ya padre.

Pia sikutungii sheria mpya. Noeli ni sherehe, na hata inapoangukia Ijumaa, Kanisa halitubani kujinyima nyama siku hiyo. Kama jumuiya yako ina ng'ombe na kila mtu atakula bila kuaibika, mchinjeni na mshukuruni Mungu. Lakini kama kuna kaya moja itakayofunga mlango siku hiyo kwa sababu ya mchango, ng'ombe huyo ni ghali kuliko bei yake.

Vikao vingi bado havijafungwa. Ninawasihi wenzangu mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya: tusisome majina. Tuulize kila kaya ina nini, badala ya kuiambia inadaiwa nini. Na yule tunayetaka kumsaidia, tumwombe kwanza atusaidie. Mtoto wa Bethlehemu alilazwa horini, mahali wanapolishiwa wanyama, na wa kwanza kuitwa walikuwa wachungaji ambao hawakuchangia chochote.

Yule mama sasa ni bibi. Nilipopita huko mwaka jana alinisalimu, akaniuliza kama mkungu wa safari hii nimeusahau Rungwe. Nilikuwa nimeusahau kweli. Mwaka huu uko tayari, unasubiri basi.

Nakutakia Dominika njema na maandalizi mema ya Noeli. Mungu akubariki wewe, nyumba yako na chungu chako.