Si pua tu: harufu ikipotea, kichwa nacho kinachoka

Leo tuongee juu ya pua.

Mama mdogo wangu, kule Bukavu, aliugua Corona. Homa ikapita, kikohozi kikaisha, lakini harufu haikurudi. Akaniambia: «Mwana yangu, sombe niko nakula sawa vile karatasi.» Siku moja maharagwe yakaungua, yeye amekaa karibu, hakusikia kitu. Kisha akaanza kunyamaza, kusahausahau, kukataa sherehe. Majirani wakasema kichwa kimeharibika. Wengine wakataja ulozi.

Hapana. Juu kabisa ndani ya pua kuna neva za harufu, na kuna seli zinazozitunza. Virusi vya Corona vinashambulia hasa zile seli za kutunza. Neva inashindwa kazi. Sasa, njia ya harufu ni fupi sana: inaingia karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo za hisia na kumbukumbu. Njo maana harufu ya sabuni inaweza kukurudishia bibi yako aliyekufa zamani. Njia hiyo ikinyamaza, chakula hakina raha, mtu anaogopa jasho lake, anajitenga, huzuni inaingia.

Mwaka 2022, watafiti wa Oxford, Uingereza, walitangaza kazi juu ya watu 785 waliopigwa picha za ubongo mara mbili. Kati yao 401 walipata Corona katikati ya picha hizo. Kwa hao, sehemu zinazohusiana na harufu zilipungua kidogo zaidi, na majaribio ya akili yaliwapa shida kidogo zaidi. Tusiogope: huo ni wastani wa kundi, si hukumu ya kila mtu.

Tufanye nini? Mwaka 2009, Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walionyesha zoezi linalosaidia: kunusa waridi, kalitusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, wiki 12. Kalitusi si iko kila kilima kwetu? Harufu ikirudi imegeuka, kahawa inanuka taka, usikate tamaa. Mara nyingi neva ziko zinajijenga. Mwingine akuangalilie samaki na moto. Huzuni ikikaa, ona daktari.

Mama mdogo ameanza kusikia karafuu, kidogo. Sisi tuliosoma tusimwambie mtu tena: «Ni pua tu.»