Oili ya Pawa Steringi: Ibadilishwe Lini, na Vipi

Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina gari. Kimoja kina pikapu ya kubeba maziwa, kingine kina matatu ya viti 14, na wengine wamenunua Hiace kuukuu ya kukodisha wakati wa harusi na mazishi. Tukiwatembelea tunaona oili ya injini hubadilishwa bila kukosa, maanake kila mtu anaijua. Breki pia huangaliwa. Lakini ukiuliza oili ya pawa steringi ilibadilishwa lini, mwenyekiti anamtazama mwekahazina, mwekahazina anamtazama dereva, na dereva anasema, "Hiyo tunaongezanga tu."

Sasa, kuongeza si kubadilisha. Hebu tueleze jambo hili vizuri, kwa sababu pampu na reki ya steringi zikiharibika, pesa zinazotoka ni nyingi kuliko bei ya lita mbili za oili, na gari hulala gereji siku ambazo lingekuwa kazini.

Wazee wanaokumbuka Land Rover za Series wanajua usukani mzito ulivyokuwa. Dereva alizungusha kwa nguvu za mabega yake. Gari lenye pawa steringi lina pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Pampu hiyo husukuma oili kwa nguvu sana mpaka kwenye reki au kwenye boksi ya steringi, na oili ndiyo inayomsaidia dereva kugeuza magurudumu. Kisha inarudi kwenye kopo lake dogo chini ya boneti, na safari inaanza tena. Oili hiyo hiyo hulainisha pampu na kuipoza.

Kutokana na hayo, wanakikundi mshike jambo moja: injini ikizimika, msaada huo unaisha. Wako madereva wanaozima injini kwenye mteremko ati wanaokoa dizeli. Hapo usukani unakuwa mzito ghafla, na breki nazo zinapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Gari lililojaa watu, kona mbele, na dereva anapigana na usukani! Kamati ikatae tabia hii kabisa.

Jambo la pili linamhusu mwekahazina hasa. Oili ya pawa steringi haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani tu. Kwa hiyo ikiwa kila wiki au kila mwezi kuna risiti ya oili hii, gari linavuja mahali fulani, na hata asiyejua kushika spana anaweza kuona hivyo kwenye kitabu cha matumizi. Mara nyingi ni mpira uliopasuka, klipu iliyolegea au sili iliyochoka. Isitoshe, oili ikidondokea bomba la moshi lenye moto inaweza kuwaka. Rekebisheni uvujaji kwanza, ndipo mbadilishe oili.

Ibadilishwe lini? Kitabu cha gari kikitaja kilomita, fuateni kitabu. Lakini watengenezaji wengi hawatoi muda maalum, na magari yetu mengi yalinunuliwa bila kitabu. Mafundi wengi hushauri kati ya kilomita 50,000 na 80,000. Kwa gari linalobeba mzigo kila siku kwenye barabara za mawe na matope, mimi ningechukua ile ndogo. Na kama hamjui historia ya gari mlilonunua, msingoje. Badilisheni sasa ndipo muanze kuhesabu.

Oili yenyewe pia husema. Chovya kipande cha karatasi nyeupe ndani ya kopo. Ile ya rangi nyekundu ikiwa nzima hubaki nyekundu na hupenyeza nuru. Ikiwa ya kahawia au nyeusi, ikinuka kama kitu kilichoungua, au ukiona vumbi la chuma linalometameta, wakati umepita. Ikiwa na povu, kuna hewa. Sikilizeni na sauti: usukani ukiguna kama ng'ombe wakati wa kuegesha gari, oili imepungua au ina hewa. Lakini sauti kali nyembamba kama ya filimbi mara nyingi ni mkanda uliolegea, na huo hauponywi na oili mpya.

Ni oili gani? Hapa ndipo watu huharibu. Toyota nyingi zenye pampu, zikiwemo Hiace na Hilux, hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki, ile nyekundu yenye herufi ATF na neno Dexron kwenye mkebe. Honda wana yao ya peke yake. Someni kifuniko cha kopo, mara nyingi imeandikwa pale. Msitie oili ya breki hata kidogo. Inavimbisha na kuharibu sili zote. Na hii nyekundu nayo isiingie kwenye breki, maana huko inaharibu mipira na breki zinakataa. Mikebe ikae mbali na iandikwe. Tena, magari mengi madogo ya miaka ya karibuni, kama Vitz na Probox, husaidiwa na mota ya umeme na hayana oili hii kabisa. Mtu akiwauzia huduma hiyo kwa gari la namna hiyo, ulizeni anaitia wapi.

Njia rahisi inaweza kufanywa na dereva mwenyewe. Nunueni lita mbili, na sindano kubwa ya mifugo kutoka duka la dawa za wanyama, mpya, isiyorudi tena kwa ng'ombe. Ichomekwe kampira kembamba. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, panguza kifuniko ili mchanga usiingie, nyonya oili chafu yote ndani ya kopo, kisha jaza mpya mpaka alama. Endesha gari siku moja au mbili, urudie. Kila mara mnatoa sehemu tu ya ile ya zamani, kwa hiyo rudieni mara tatu au nne hadi rangi ibaki safi.

Njia kamili yafaa afanye fundi, au dereva aliyefunzwa. Gari liwe mahali tambarare, mawe yamezuia magurudumu ya nyuma, mbele limeinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi; watu wameuawa hivyo. Mpira wa kurudisha oili, ule mwembamba wenye klipu, hutolewa kwenye kopo na kuelekezwa kwenye chupa, na tundu lililobaki huzibwa. Ufunguo hugeuzwa ili usukani ufunguke, lakini injini haiwashwi. Mmoja anazungusha usukani polepole kushoto na kulia, mwingine anaongeza oili mpya bila kuacha kopo likauke, mpaka itokayo iwe safi. Kisha mpira unarudishwa na kukazwa, kopo linajazwa, na usukani unazungushwa tena kama mara 20 injini ikiwa imezimwa, kutoa hewa. Ndipo muwashe. Kukiwa na povu, zimeni, mngoje litulie, mrudie.

Dereva asiushikilie usukani umekazwa mwisho kabisa kwa zaidi ya sekunde tano. Hapo presha inapanda na oili inapata moto sana. Wanaogeuza matatu stendi wanafanya hivi mchana kutwa.

Oili chafu isimwagwe mtoni wala kando ya kisima. Iwekwe kwenye mkebe uliofungwa na ipelekwe gereji inayokusanya oili kuukuu.

Katika kitabu cha gari andikeni tarehe, kilomita, aina ya oili na lita zilizotumika, na aliyefanya kazi atie sahihi. Baada ya siku tatu dereva aangalie kipimo tena. Kikiwa kimeshuka, tandazeni kadibodi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi doa jekundu litawaonyesha pa kuanzia.