Utando wa Siki na Utando wa Metali: Msamiati wa Mwambao katika Ufafanuzi wa Vichocheo

Makala haya yanafafanua dhana ya uoksidishaji wa alkoholi kwa utando wa metali wenye muundo wa kinano, kwa kuanzia kwenye maarifa ya mwambao. Mlengwa ni mwanafunzi wa Macaloe, kisiwa cha Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, katika eneo la Kimwani, lugha iliyo jamaa ya karibu ya Kiswahili. Shuleni kemia humfikia kwa Kireno.

Mwambao huo ni wa minazi, na tembo la mnazi likiachwa wazi huwa siki. Kwa Waislamu, tembo ni haramu ilhali siki iliyojigeuza yenyewe ni halali. Badiliko hilo, basi, si geni kwa jamii. Kikemia, ethanoli huoksidishwa na hewa ikawa asetaldehidi, kisha asidi asetiki. Wanaoiwezesha kazi hiyo ni bakteria waliotanda juu ya kimiminika, kwa vimeng'enya vyao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1820, Johann Wolfgang Döbereiner wa Jena, Ujerumani, alionyesha kwamba unga laini wa platinamu huigeuza alkoholi kuwa asidi hiyohiyo bila bakteria. Siri ni ukubwa wa uso. Mchemraba wa metali wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukigawanywa kuwa vijichemraba vya nanometa 10, jumla ya uso hufikia meta za mraba 600. Molekuli hunata juu ya uso huo, bondi zake hulegea, zao hubanduka, na metali hubaki. Unga, hata hivyo, ni vigumu kuutenga na kimiminika. Metali ileile ikitandazwa kama utando wenye vitundu juu ya kitako kigumu, hubaki mahali pake na hutumika tena.

Hapo ndipo uteuzi wa istilahi unapokuwa na uzito. "Upako" hudokeza pambo au kinga. "Utando", kutokana na kitenzi "tanda", huuhusisha uso wa siki na uso wa metali, ingawa mmoja ni hai na mwingine si hai. "Kichocheo" nacho chahitaji tahadhari: mchochea moto husukuma kuni ndani, ilhali kichocheo cha kemia hakiongezi nishati, bali hushusha kizingiti chake. Mwalimu akilitamka hilo waziwazi, mwanafunzi wa Macaloe ataingia maabara akiwa na mfano aujuao tayari.