Pampu inapotafuna kokoto

Katika nyumba nyingi za kupanga Mabibo, Dar es Salaam, kuna pampu inayopandisha maji ya kisima hadi kwenye simtanki, na ipo siku huanza kunguruma kama inasaga kokoto. Mwenye nyumba husema imeingia mchanga. Fundi akiifungua anakuta panga lake limetobokatoboka kama lililoliwa na mchwa. Mlaji ni maji yenyewe.

Hapa pwani maji huchemkia nyuzi 100 kwa sababu hewa inayakandamiza. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi; usipeleke maharage huko. Punguza mgandamizo ufike kama sehemu moja ya 24 ya ule wa pwani, na maji ya nyuzi 30, haya haya ya ndoo, yatachemka bila moto. Pampu inayovuta kwa taabu hufanya hivyo bila kukusudia. Viputo vya mvuke huzaliwa kwenye mlango wa panga, vikasukumwa mbele penye mgandamizo mkubwa, vikabonyea ghafla. Kila kimoja hurusha mchirizi mwembamba wa maji unaochoma chuma kama sindano. Jambo hili huitwa kavitesheni. Lilikula rafadha za meli za Uingereza, na mwaka 1917 mwanafizikia Lord Rayleigh akakokotoa jinsi kiputo kinavyobonyea.

Christopher Brennen, mzaliwa wa Belfast mwaka 1941, alitumia maisha yake ya kazi kwa viputo hivi, katika chuo cha Caltech huko California. Alichunguza pampu za injini za roketi, akaandika kitabu cha viputo mwaka 1995 na kingine mwaka 2005 kuhusu mikondo ambamo maji, gesi na chembe husafiri pamoja. Mwaka 2015 akaandika kuhusu viputo hivi katika tiba, na hapo ndipo habari yake inapotugusa.

Februari 1980, mjini Munich, daktari Christian Chaussy na wenzake walivunja jiwe la figo la mgonjwa bila kumpasua, kwa mawimbi ya mshtuko yaliyotumwa kutoka nje ya mwili. Sehemu ya kazi hiyo ya kusaga hufanywa na viputo. Lakini kiputo hakichagui: kikibonyea kando ya jiwe huweza kupasua vimishipa vya damu vya figo, kwa hiyo nguvu na kasi ya mapigo lazima vipimwe. Valvu bandia ya moyo nayo, ikijifunga kwa kishindo, inaweza kuzalisha viputo vinavyoikwangua.

Turudi kisimani. Tumesema pampu huvuta, lakini kwa kweli iliyo juu ya kisima haivuti maji. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma kupanda bombani, na uwezo wake huishia mita 10. Kwa vitendo mafundi wasivuke 7 au 8. Bomba la kuvutia liwe fupi na pana, chujio lisafishwe, na ukitaka kupunguza maji, funga koki ya upande yanakotokea, kamwe si ya yanakoingilia. Kisima kikiwa kirefu zaidi, tumbukiza pampu ya kuzama ndani ya maji, iyasukume kutoka chini.