Mawe hayalipi nauli, lakini yanaweza kuokoa mtaji wako

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku hizi neno mrama tunalitumia hata kwa biashara ya duka na kwa ndoa. Lakini mfanyabiashara anayesafirisha mazao kwa mashua analijua kwa maana yake ya asili: chombo kinapolala upande huu, kinarudi, kisha kinalala upande wa pili zaidi ya mwanzo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, nikifuatilia bei za nazi. Ufukweni mashua moja ilikuwa ikipakia nazi na makuti kwa safari ya Dar es Salaam. Nahodha aliwaamuru mabaharia wateremshe mawe yaliyokuwa chini ya chombo ili viroba zaidi vipate nafasi. Mama mmoja mwenye shehena akamuuliza, "Nahodha, mawe hayo unayatoa, sasa chombo kitasimama na nini?" Nahodha akacheka. "Mama, mawe hayalipi nauli."

Mashua iliondoka. Upepo wa kusi ulipochachamaa, chombo kikaanza kwenda mrama, nazi zikaporomokea upande mmoja, na mabaharia wakalazimika kutosa baharini karibu theluthi moja ya mzigo. Hakuna aliyekufa. Lakini mama yule alifika sokoni na hasara ambayo hakuna aliyemfidia, kwa kuwa hakuwa na bima wala mkataba wa maandishi.

Je, nahodha alikuwa sahihi kwamba mawe ni hasara? Makala haya yanaonyesha kuwa hesabu yake ilikuwa na kasoro, na kwamba ipo njia nafuu ya kupata usalama wa mawe bila kuyabeba kwenda na kurudi.

Farumi na kazi yake

Mawe yale huitwa farumi, yaani uzito unaowekwa chini kabisa ya chombo, juu ya mkuku, ili kisipinduke. Kila chombo kina mahali ambapo uzito wake wote, pamoja na shehena, ni kama umekusanyika. Mahali hapo pakiwa chini, chombo kikilazwa na wimbi hurudi wima. Pakipanda juu, chombo hurudi kwa uvivu, na pakipanda zaidi hakirudi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani mzigo wa hatari ni ule mzito kama saruji na chumvi. Kumbe mzigo mwepesi wenye umbo kubwa, kama makuti, mkaa, kreti tupu na magodoro, nao una hatari yake. Saruji ikipangwa vizuri hukaa chini na yenyewe inakuwa farumi. Makuti hupangwa hadi juu ya ukingo wa chombo, na upepo nao hupata ukuta wa kusukuma.

Kwa lugha ya uchumi, jambo hili lina faida iliyojificha. Unapobeba mzigo mwepesi, nafasi hujaa kabla uzito haujafika kikomo, hivyo tani moja ya farumi haikunyang'anyi nauli nyingi. Unapobeba mzigo mzito, huhitaji farumi nyingi. Gharama kubwa ya farumi huja pale tu unaposhindwa kuiondoa wakati huihitaji. Nahodha wa Kilindoni aliitoa siku ambayo aliihitaji kuliko siku zote.

Kasoro za mawe na mchanga

Mawe yana sifa nzuri: ni mazito na hayachukui nafasi kubwa. Lakini yasipofungwa huhama chombo kinapolala, na hapo yanakuwa adui. Yakigongagonga mbao hulegeza kalafati na maji huanza kupenya. Mchanga uliomwagwa bila mifuko huziba njia za maji ya ngama na kuharibu bomba la kuyatoa. Vyote viwili hupakiwa na kushushwa kwa mikono, na kazi hiyo hula muda wa kujaa na kupwa kwa maji. Ndiyo maana wengine huamua kubeba mawe daima na kupoteza nauli, na wengine huamua kutoyabeba kabisa na kupoteza shehena.

Aidha, mashua iliyojaa maji ikiwa na tani moja ya mawe huvutwa kwenda chini, hata kama ni ya mbao.

Fundisho kutoka boti za starehe

Suluhisho la tatizo hili linaweza kuonekana mahali ambapo mkulima wa nazi hawezi kupatarajia. Huko Marekani upo mchezo uitwao weikibodi, ambao mtu huvutwa kwa kamba nyuma ya boti akiwa amesimama juu ya ubao na kuruka mawimbi ya boti hiyo. Wenye boti hutaka wimbi kubwa, na wimbi hukua boti inapokuwa nzito. Hivyo huongeza farumi, lakini hawatumii mawe. Huweka mifuko mikubwa ya plastiki ngumu au matangi, na pampu ndogo za umeme wa betri huvuta maji ya ziwa. Boti moja inaweza kubeba zaidi ya tani moja ya maji, na mchezo ukiisha pampu huyatoa yote kabla boti haijapandishwa kwenye trela.

Lengo lao si letu. Wao hutaka boti izame kidogo upande wa tezi ili wimbi liwe kubwa. Sisi tunataka chombo kisimame wima. Lakini wanapoboresha mfumo wao wa farumi hulazimika kuzingatia mambo manne ambayo yanatuhusu.

Kwanza, lita moja ya maji ni kilo moja, na maji hayo huhesabiwa kama mzigo ndani ya uwezo wa boti. Ukiongeza farumi, ondoa abiria au shehena.

Pili, mfuko au tangi liwe limejaa kabisa au liwe tupu kabisa. Weka maji kidogo kwenye sinia kisha libebe ukitembea. Likiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande ulioinama na kuzidi kuliinamisha. Tangi lililojaa nusu hufanya vivyo hivyo ndani ya chombo. Kanuni hii ihusu pia mapipa ya mafuta unayosafirisha.

Tatu, matangi ya kushoto na kulia yasiunganishwe kwa bomba lililo wazi, kwa sababu chombo kikilala maji yatahamia upande wa chini.

Nne, kila tundu linalotobolewa kwenye boti kwa ajili ya pampu liwe na koki ya kufungia, na kila waya uwe na fyuzi. Bomba lisilofungwa linaweza kuendelea kuingiza maji hata pampu ikiwa imezimwa.

Madumu 50 badala ya mawe

Mashua ya mizigo haihitaji pampu wala mifuko ya kuagiza nje. Dumu la lita 20 ambalo tayari limejaa mitaani linatosha. Likijazwa maji ya bahari hadi shingoni na kufungwa kifuniko imara, lina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 20. Madumu 50 ni zaidi kidogo ya tani moja. Kila dumu ni tangi dogo linalojitegemea, hivyo hata moja likivuja mengine hayaathiriki.

Yapangwe juu ya mkuku, katikati ya urefu wa chombo, idadi sawa kila upande, kisha yafunikwe kwa wavu wa kamba na kufungwa kwenye mataruma yasisogee. Acha nafasi ya kufikia ngama. Ukifika bandarini na kupata mzigo mzito wa kurudi nao, mwaga maji baharini, funga vifuniko, kisha yahamishe madumu matupu na kuyafunga ubavuni, chini ya ukingo wa chombo. Saruji ikae mahali palipokuwa na madumu, juu ya mbao za kuiepusha na maji.

Hapo unapata faida ambayo mawe hayana. Madumu matupu yaliyofungwa imara husaidia mashua kuelea hata ikijaa maji. Na madumu yaliyojaa maji ya bahari hayaivuti mashua iliyojaa maji kwenda chini, kwa sababu uzito wa maji hayo ndani ya bahari ni kama haupo.

Hata hivyo, tusifiche upungufu. Tani moja ya maji huchukua nafasi kubwa kuliko tani moja ya mawe, zaidi ya mita moja ya ujazo. Mashua nyembamba yenye tumbo jembamba huenda isiweze kuyakalisha yote chini, na farumi isiyokaa chini haina maana. Mwenye chombo cha aina hiyo abaki na mawe, lakini ayatie kwenye viroba imara na kuyafunga.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukulie mfano wa mashua inayobeba tani 8, yenye nauli ya Sh 40,000 kwa tani, inayokwenda na kurudi mara 4 kwa mwezi. Viwango hivi ni vya mfano tu, weka vya kwako.

Wakati wa kwenda na nazi, tuseme madumu yanachukua nafasi ya nusu tani ya nazi. Nauli inayopotea ni Sh 20,000. Wakati wa kurudi na saruji, madumu ni matupu, hivyo mashua inabeba tani moja zaidi kuliko ile inayorudi na mawe yake. Hiyo ni mifuko 20 ya kilo 50, yenye nauli ya Sh 40,000. Baki ni Sh 20,000 kila safari ya kwenda na kurudi, au Sh 80,000 kwa mwezi. Ikiwa dumu lililotumika ni Sh 3,000, madumu 50 ni Sh 150,000. Ongeza Sh 50,000 za kamba na wavu. Jumla ya Sh 200,000 inarudi baada ya safari 10.

Sasa linganisha na safari moja iliyokwenda mrama. Nazi 8,000 zilizofuliwa, kwa Sh 500 kila moja, ni mtaji wa Sh milioni 4. Theluthi yake ikitoswa, ni zaidi ya Sh milioni 1.3 zilizoingia baharini. Fedha hizo ni sawa na nauli ya tani 33. Aliyesema mawe hayalipi nauli hakuiweka hesabu hii mezani, kwa sababu nazi hazikuwa zake.

Farumi haihalalishi kujaza kupita kiasi

Wapo watakaosoma haya na kudhani kwamba ukiwa na farumi ya kutosha unaweza kupakia utakavyo. La hasha. Kila kilo ya farumi hushusha chombo, na ukingo wake husogelea maji.

Mfano wa kale ni meli ya kivita ya Sweden iitwayo Vasa. Kabla ya safari yake ya kwanza, mabaharia 30 walikimbizwa upande huu na upande huu wa sitaha ili kupima uthabiti wake. Iliyumba vibaya mno hata jaribio likasitishwa, lakini safari haikusitishwa. Agosti 10, 1628 upepo uliilaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama bandarini Stockholm. Ilikuwa na tani zipatazo 120 za mawe. Kuongeza mengine kungeyashusha matundu yale karibu zaidi na maji. Kasoro ilikuwa juu, kwenye uzito wa sitaha na mizinga.

Kwetu hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 100. Hakuna farumi inayoweza kufidia tofauti ya namna hiyo.

Kabla ya kung'oa nanga

Wewe mwenye shehena una haki ya kukagua chombo kabla ya kukabidhi mali yako. Uliza farumi iko wapi na imefungwa kwa nini. Tazama kama vitu vizito viko chini na vyepesi juu, na kama viroba vimefungwa visihame. Simama mbali uone kama chombo kimelala upande.

Kisha omba kipimo cha bandarini. Chombo kikiwa kimepakiwa, kwenye maji matulivu, mabaharia wawili au watatu wakanyage ukingo wa upande mmoja kisha waache. Kikirudi upesi, ni dalili njema. Kikisita kikiwa kimelala, kisha kikarudi polepole, kinakuonya: punguza mzigo wa juu au ongeza farumi ndani ya uwezo wake. Kipimo hiki si mbadala wa ukaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na jaketi za kujiokolea ziwepo kwa kila aliyemo.

Vyama vya ushirika na vikundi vya wafanyabiashara vinaweza kwenda mbele zaidi. Vinunue madumu na kamba kwa pamoja, vivikodishe kwa manahodha, na viandike kwenye makubaliano ya nauli kwamba farumi haitolewi bila idhini ya wenye mzigo.

Mama wa Kilindoni aliuliza swali sahihi kuliko wote waliokuwa ufukweni siku ile. Kosa lake lilikuwa kukubali jibu la mzaha. Nahodha ana ujuzi wa bahari na heshima yake ni haki yake, lakini mtaji uliomo ndani ya viroba ni wako. Akikwambia mawe hayalipi nauli, mwombe akuonyeshe madumu.