Tumba la Karafuu Halisubiri
Mkarafuu ukizaa, matumba yake huanza yakiwa ya kijani. Yakijaa hupauka kuelekea manjano, kisha huingia wekundu. Wachumaji wa Pemba na Unguja hulitazamia tumba hilo: limenona, limeiva rangi, wala halijachanua.

Chini ya ganda lake mna vifuko vidogo mno vya mafuta. Ukilibinya kwa ukucha, yanachuruzika. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu na ukali, na ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Katika tumba changa, kiwango cha yujenoli bado ni kidogo. Tumba likishachanua, mafuta hupungua, na mwisho wake ni mpeta, tunda ambalo mkenekaji wa mafuta hana haja nalo.

Kazi ni ngumu kwa sababu matumba ya mti mmoja hayakomai pamoja. Mti unataka kurudiwa mara kadhaa katika msimu. Lakini mchumaji anayelipwa kwa pishi hupata zaidi akifanya haraka, basi hukomba karafuu changa na zilizochanua kwa pamoja, na tawi likivunjika limeondoka na mavuno ya miaka ijayo. Kwa maoni yangu, anayekubali kuurudia mti anastahili kulipwa zaidi, maana ubora wa mafuta umo mikononi mwake.

Zikishachambuliwa kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vyake, karafuu huanikwa juani siku nne au tano. Zikirundikwa mbichi huchacha, zikanyauka na kupauka. Karafuu kavu iliyochumwa kwa wakati hutoa mafuta ya takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo hutoa kidogo zaidi ya asilimia 5, lakini ni rahisi, ndiyo maana kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukeneka hayo. Siri ya kukeneka ni mvuke: yujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi. Ikipitishiwa mvuke wa maji hupanda nao kwenye nyuzi zisizofika 100, bila kuungua.

Mafuta yanayotoka hapo ni makali kuliko karafuu ya kutafuna. Yakipakwa bila kuzimuliwa huunguza fizi, na mtoto akiyanywa, hata kiasi kidogo, yanaweza kumwathiri ini. Akiyanywa, apelekwe hospitali mara moja, wala asilazimishwe kutapika.