Mtoto si Mzito, Damu Ndiyo Pungufu

Mtoto akichelewa kutembea au kuzungumza, kijijini hakosi mtu wa kusema kwamba ni mzito tu, hata babaye alikuwa hivyo hivyo. Pengine ni kweli. Lakini kwa Pemba, kisiwa cha Zanzibar ambako suala hili limechunguzwa kwa miaka mingi, jawabu la kwanza la kitaalamu si urithi. Ni damu ya mtoto, na hali ya nyumba anayolelewa.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 614 wa Pemba, wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Upungufu wa damu ulikuwa umewaenea. Baadhi walipewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mzima, wengine dawa bandia isiyo na kitu. Waliopata chuma waliwazidi wenzao katika lugha. Wale waliokuwa na damu kidogo kabisa walipata nafuu katika matumizi ya viungo pia. Ubongo unaokua huhitaji chuma kujenga utando wa nyuzi za fahamu. Isitoshe, mtoto mwenye damu pungufu huchoka upesi, hatambai kufuata vitu, halii kudai, na watu wazima wenye kazi zao humwacha alivyo bila kumsemesha. Husifiwa kuwa mpole.

Chuma hicho kinapungukia wapi? Akiba ya mwanzo mtoto huitoa tumboni, nayo hutosha takriban miezi 6. Mama mwenye damu kidogo humpa kidogo. Baada ya hapo ni chakula. Muhogo kwa chai ya rangi hushibisha, lakini chuma chake ni haba na chai huzuia hata hicho kisifyonzwe. Nyumba yenye uwezo huongeza samaki, nyama na mboga. Nyumba ya mvuvi asiye na chombo chake mara nyingi huuza samaki ili inunue mchele. Minyoo ya safura hupenya nyayo za mtoto anayecheza pekupeku palipokosa vyoo, na malaria huvunja chembe za damu. Uangalizi nao hupungua: mama wa Micheweni, huko huko Pemba, huenda kulima mwani maji yakipwa, mtoto akabaki na dada yake ambaye naye bado ni mtoto.

Basi tuwape wote chuma? Jaribio hilo nalo lilifanyika Pemba, kwa zaidi ya watoto 24,000. Agosti 2003 utoaji wa chuma na asidi ya foliki ulisitishwa: waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko wasiopewa, kwa asilimia 12, wa kulazwa kwa maradhi makali au kufa. Matokeo yalichapishwa na The Lancet mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Lakini katika kundi dogo la watoto hao hao, waliopimwa damu na kutibiwa malaria kwa karibu, wenye upungufu wa chuma walinufaika nacho.

Kwangu mimi, hilo ndilo fundisho zito kuliko yote yaliyotoka kisiwani. Kidonge ni kile kile. Kilichowatenganisha watoto ni huduma iliyowazunguka. Tangu hapo malaria Pemba imeshuka mno kwa dawa mseto, vyandarua na upuliziaji, na tangu sera ya elimu ya mwaka 2006 Zanzibar imeihesabu elimu ya maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya msingi. Ni hatua kubwa, ila chekechea humpokea mtoto ubongo wake ukiwa umeshajengwa kwa sehemu kubwa.

Kwa mzazi: mtoto aliyepita miezi 18 bila kutembea peke yake apelekwe kituo cha afya, apimwe damu na malaria. Usimnunulie dawa ya kuongeza damu dukani kabla ya vipimo hivyo.